Yamebaki Macho Tu

Asubuhi ile Brashi aliwahi kufika studio, akainama chini ya meza kutafuta kifuniko cha kalamu, mkono wake ukagusa boksi la kompyuta. Lilikuwa la moto. Chumba kile cha picha hakikuwa na dirisha hata moja, kwa hiyo jua halikuwa la kusingiziwa, na mashine aliizima mwenyewe jana yake jioni mpaka taa yake ndogo ya kijani ikafa. Skrini bado ilikuwa nyeusi. Ila ndani ya boksi feni ilikuwa inazunguka taratibu, inavuta pumzi na kuitoa.

Akageuza mkono, akauweka mgongo wa kiganja kwenye bati, kama mama anavyopima homa kwenye paji la uso la mtoto. Halafu akauondoa haraka na kujifuta kwenye sketi. Mkono ulikuwa umefanya hivyo bila kumuuliza.

Mtaa mzima uliijua studio ile na wenyewe wawili. Mume alikuwa mpiga picha, na watu walimwita Tulia kwa sababu ndilo neno alilomwambia kila mteja kabla ya kubonyeza: "Tulia. Tulia hapohapo." Aliwaambia maharusi, aliwaambia wazee wa picha za kitambulisho, na kuna siku alimwambia hata paka aliyekatiza mbele ya pazia. Mke kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kompyuta na kusafisha picha: kuondoa chunusi, kupunguza kitambi, kumpa bwana harusi nywele ambazo Mungu alimnyima. Ndiyo maana wakamwita Brashi, naye hakukasirika. Walikuwa watu wa utani, na mteja aliyeingia pale amenuna alitoka akijishika mbavu.

Hayo yalikuwa kabla ya mtoto.

Alizaliwa binti, baada ya kungojewa mpaka ndugu wakachoka kuuliza. Na hapo Tulia akafanya kosa ambalo ni mpiga picha peke yake angeweza kulifanya: akakataza mtoto asipigwe picha. Alisema picha ya kwanza ya binti yake haitakuwa ya simu, ya haraka haraka, yenye mwanga wa taa ya jikoni. Atampiga studio, kwa taa tatu, mbele ya pazia jeupe alilolishonesha makusudi, siku mtoto atakapokaza shingo. "Shingo ikilegea, kivuli kinamwagika usoni," alieleza, na Brashi akamcheka sana, maana alimjua mumewe. Mtu yule angeweza kuisimamisha harusi ya watu barabarani ili wingu lipite. Basi wakaingojea shingo. Gauni dogo la manjano likatundikwa kwenye ndoano nyuma ya pazia. Jioni moja homa ikaja, na kabla hakujakucha mtoto alikuwa ameondoka.

Kuta za studio zilijaa sura za watoto wa watu, na sura ya mtoto wa mwenye studio haikuwepo popote.

Kilichokuwepo ni kitu kimoja. Wifi yake Brashi, dadake Tulia, aliwahi kumwibia kaka yake kwa kumpiga mtoto picha moja ya simu. Mikono ilimtetemeka kwa kicheko, ikatoka picha ya blanketi, sikio moja dogo, na ukungu mahali uso ulipopaswa kuwa. Akamtumia Brashi kwa siri. Baadaye simu ya wifi iliibiwa, na ya Brashi ikaharibika, lakini picha alikuwa ameshaiweka kwenye kompyuta, na nakala yake ameichapa kwenye karatasi ndogo ambayo aliikunja na kuitia kwenye pochi. Hakumwambia mumewe. Tulia alikuwa amekonda, hapigi tena picha za watoto wachanga, na lile neno lake kila mtu aliona linamtoka kwa shida. Kuhusu jina la binti, hakuna aliyelitamka tena mle ndani.

Kwenye kompyuta kulikuwa na programu ya kupanga picha. Ukiipa sura ya mtu, inapita kwenye picha zote ulizonazo na kukukusanyia zile ambazo mtu huyo yumo. Wiki moja kabla ya joto lile, Tulia alipokuwa ametoka kwenda kupiga picha za mahafali, Brashi aliipa programu picha ya blanketi. Alijua ni upuuzi. Lakini alijiambia, labda siku moja alikuja studio amembeba, mteja akipigwa, na mtoto akatokea pembeni bila mtu kujua. Programu ikahangaika, kisha ikaandika: *Sura haijaonekana. Niendelee kutafuta?* Chini yake kukawa na Ndiyo na Hapana.

Akabonyeza Ndiyo. Na kwa kuwa alikuwa peke yake, na machozi yameshamzidi, akasema kwa sauti: "Tafuta. Chukua chochote unachotaka, lakini mtafute mwanangu."

Taa ya meza ikapepesa. Akadhani ni umeme.

Tangu hapo mashine ikawa nzito. Picha iliyokuwa inafunguka mara moja sasa ilikupa nafasi ya kwenda kuchemsha chai, ukanywa, ukarudi na kuikuta imefika nusu. Feni ilinguruma mchana kutwa hata kama hakuna aliyeigusa. Tulia akaita fundi.

Fundi huyo walimzoea kwa jina la Zima-Washa, kwa kuwa hakuna ugonjwa wa mashine ambao dawa yake ya kwanza haikuwa hiyo. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, wa kuongea na kompyuta kama anaongea na mkwe mkorofi. Alipofika alikuta Brashi peke yake.

"Dada, umeizima ukaiwasha?"

"Fundi, haizimiki. Taa inazima, feni inaendelea."

"Hakuna kisichozimika." Akavuta kiti, akafungua dirisha linaloonyesha kazi zote zinazoendelea ndani ya mashine. "Njoo uone. Kompyuta ni kama duka. Hawa wauzaji wa mbele unawajua, ni programu unazozifungua mwenyewe. Lakini stoo huko nyuma kuna wafanyakazi wengine, wanafanya kazi kimyakimya, huwaoni. Sasa kuna mmoja huko stoo amekalia kila kitu. Ram yote, yaani nafasi ya kufanyia kazi, ni yake, prosesa yote inamtumikia yeye. Wenzake wamebaki kumkodolea macho."

"Ni nani?"

Fundi akasogeza uso kwenye skrini. Akatoa miwani mfukoni, akaivaa. Akaivua.

"Hana jina," alisema.

Mstari wenyewe ulikuwepo juu kabisa, na mahali pa jina palikuwa patupu. Fundi akauchagua na kuukatisha. Feni ikashuka, chumba kikanyamaza, naye akafungua mdomo ili ajisifu. Kabla hajajisifu feni ikapanda tena na mstari ukarudi. Akaukatisha. Ukarudi. Alipoukatisha mara nyingine, kwenye spika mbili ndogo kando ya skrini kikasikika kitu kama mguno, sauti ya mtoto anayetaka kuangua kilio lakini bado anafikiria.

Fundi akaachia kipanya. "Hizi spika umezichomeka?"

"Zimeharibika tangu mwaka jana. Waya wake uko kwenye droo."

Fundi akainuka. Alisema atarudi na vifaa vyake vingine, akaondoka bila hata kudai nauli, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Brashi akabaki amekaa. Kwa siku kadhaa chumba kilikuwa kinanuka vumbi lililoungua, ile harufu ya mashine inayochoka. Sasa chini ya vumbi ilikuja harufu nyingine, poda na maziwa na ngozi ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Alifumba macho akaivuta mpaka kifua kikamuuma, na hakumwambia mtu.

Mlango wa pili alikuwepo msusi, jirani wa miaka mingi, mwenye binti wa darasa la kwanza aliyeitwa Kishimo kwa sababu ya vishimo vya mashavu yake. Vilikuwa vishimo vya ajabu. Mtoto akicheka unaweza kuweka punje ya harage humo isidondoke, na wateja wa mama yake walikuwa wakimchekesha makusudi ili wavione. Akaletwa kupigwa picha ya shule. Tulia akampiga. Brashi alipoifungua picha, Kishimo alikuwa anacheka meno yote nje, na mashavu yake yalikuwa laini kama sahani.

"Taa zako zimekula vishimo vya mtoto wa watu," alimwambia mumewe, akijaribu utani wa zamani.

Tulia akainama, akatazama. "Taa zangu hazifanyi hivyo," alisema, na kweli hazikuwa zinafanya hivyo.

Alipotoka, dirisha dogo la ile programu likajifungua lenyewe kwenye kona ya skrini. Ndani yake, mahali palipokuwa na ukungu juu ya blanketi, kulikuwa na mashavu mawili madogo ya mtoto mchanga. Yalikuwa na vishimo.

Brashi aliziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Tangu siku hiyo alijua, na hapa hakuna haja ya kumtetea. Alijua. Kila mtoto aliyepita mbele ya pazia, kila picha aliyoifungua, kitu kilipungua kwa huyu na kuongezeka kule. Nyusi za mtoto wa mwenye duka la viatu. Mdomo wa pacha mmoja, ambaye mama yake alishangaa kwa nini ghafla hafanani na mwenzake. Paji la uso la kichanga kilicholetwa na bibi yake. Wale watoto hawakuwa wanaumwa, ila walikuwa wanafifia, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Na kwenye kona ya skrini uso ulikuwa unajaa. Brashi hakukumbuka kama binti yake alikuwa na mashavu hayo au nyusi hizo. Alikaa naye muda mfupi mno, na nusu ya muda huo macho yake mwenyewe yalikuwa yamejaa usingizi. Lakini alipoutazama uso ule, maziwa ambayo yalishakauka siku nyingi yalimchoma kifuani.

Msusi alikuja mchana mmoja, akasimama mlangoni bila ile sauti yake ya kuita kutoka mbali.

"Jirani," alisema polepole, "hebu niambie, maana wewe unazitazama sura za watu kuliko sisi. Mwanangu ana nini?"

"Kwani anaumwa?"

"Haumwi. Anakula, anacheza. Anacheka, lakini uso haucheki. Juzi nimemtazama amelala, nikajikuta najiuliza huyu ni mtoto wa nani." Akajifuta jicho kwa kiwiko kwa sababu vidole vilikuwa na mafuta ya nywele. "Nimeona aibu hata kumwambia baba yake."

"Labda anakua," alisema Brashi.

"Labda," msusi alisema, na akarudi kazini kwake.

Fundi aliporudi alikuja na begi zima, na hakuwa na mzaha. Akafuta programu ya kupanga picha kutoka kwenye mizizi. Akaipekua mashine kutafuta virusi, hakukuta kitu. Akafungua boksi akaongeza ram, na ule mstari usio na jina ukaimeza yote kabla hajafunga skrubu. Ndipo umeme ukakatika mtaa mzima. Mashine za kusaga zikanyamaza, redio za majirani zikanyamaza, na mle ndani, kwenye chumba kisicho na dirisha ambacho saa sita mchana na saa sita usiku ni kitu kimoja, giza likawa zito, na katikati ya giza hilo skrini ikabaki inawaka, na feni ikabaki inavuta pumzi na kuitoa, na fundi akapapasa ukutani mpaka akaushika waya wa umeme, akauchomoa, akauinua mbele ya mwanga wa skrini ili wote wawili waone kwamba huu hapa waya, uko mkononi mwake, na bado pumzi ile iliendelea, sasa ya haraka zaidi, pumzi fupi fupi za kifua kidogo chenye homa, pumzi ambazo Brashi alikuwa amezihesabu usiku ule mmoja mpaka zilipokoma.

"Dada," fundi alinong'ona. "Kirusi kinaiba na kukimbia. Hiki hakikimbii. Hiki kimetumwa kazi. Uliiambia nini hii mashine?"

Akamwambia. Alimwambia kwa kunong'ona, giza likimsaidia.

Fundi aliuweka waya chini. Kisha akasema: "Kuna vitu havina umbo, vinazunguka vikitafuta mtu wa kuvipa neno. Wewe umekipa hiki. Mimi nikikikatisha hakinisikii, maana si mimi niliyekituma. Wewe ndiye wa kukikataza. Programu nimeifuta, lakini kile kidirisha kitafunguka tu, kitakuuliza swali lilelile. Bonyeza Hapana, na useme kwa mdomo kama ulivyosema mwanzo. Halafu ufute picha uliyokipa. Hiyo ndiyo kamba yake."

"Ni picha moja tu niliyonayo, fundi."

"Najua, dada yangu. Na nakala zote. Kama kuna ya karatasi, hata hiyo."

"Ya karatasi hakuna," Brashi alisema, na pochi ilikuwa mapajani mwake.

"Usingoje kimalize," fundi alisema akikusanya vitu vyake gizani. "Kitu kisicho na uso kinakaa ndani. Kikishapata uso, kina sababu ya kutoka."

Brashi akasema kesho. Kesho ilipofika akasema kesho. Tusimhukumu upesi. Nani kati yetu, akionyeshwa uso wa mtu wake aliyemzika, ukiwa umebaki kidogo tu ukamilike, angeuzima siku hiyohiyo? Alikuwa anafika studio mapema, anakaa mbele ya skrini, anautazama. Pua ilikuwa imeshakuja. Nywele laini zilikuwa zimeshakuja. Kope zilikuwa zimefumba, na chini ya kope palikuwa tambarare, hakuna kitu.

Mchana wa siku ya mwisho alikuwa uani anasuuza vikombe. Kutoka upande wa pili wa ukuta akasikia kishindo, kiti kimeanguka, halafu sauti ya Kishimo, sauti ya kawaida kabisa ya mtoto anayelalamika.

"Mama, mbona mmezima taa?"

Jua lilikuwa utosini. Msusi hakujibu. Mtoto akauliza tena, na safari hii sauti ilipanda. "Mama? Uko wapi? Washa taa!" Ndipo msusi akapiga yowe.

Kikombe kikamponyoka Brashi. Alikimbia ndani, na alipofunua pazia la mlango wa chumba cha picha alikuta taa zote tatu zimewashwa. Pazia jeupe lilikuwa limeshushwa. Gauni dogo la manjano lilikuwa limetolewa kwenye ndoano na kulazwa juu ya meza, mbele ya skrini, limenyooshwa vizuri. Na Tulia alikuwa amepiga magoti nyuma ya kamera yake.

Uso ulikuwa umejaza skrini nzima. Chini ya zile kope zilizofumba sasa kulikuwa na kitu, viduara viwili vikitikisika taratibu, kama mtoto anapoota.

"Mke wangu," Tulia alisema bila kugeuka, kwa sauti ambayo Brashi hakuwa ameisikia tangu msiba. "Njoo umwone. Amekaza shingo."

"Zima, baba. Toka hapo."

"Ngoja."

"Mtoto wa jirani haoni! Kinachukua macho yake! Nilikiita mimi, mimi ndiye niliyekiita, nisamehe, lakini toka hapo niizime."

"Ngoja kidogo tu," alisema, na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye mkanda wa kamera. "Sijawahi kumpiga hata moja. Hata moja. Niache nimpige moja."

Na kwenye zile spika zisizo na waya, kwa sauti ndogo, nyororo, yenye pumzi ya joto iliyonuka poda na maziwa, sauti ya mtoto ambaye hakuishi mpaka umri wa kusema, kitu kikasema: "Mama. Yamebaki macho tu."

Brashi akasogea mbele ya skrini. Alishika meza. Ng'ambo ya ukuta Kishimo alikuwa analia sasa, analia kwa woga wa mtu aliyepotea ndani ya nyumba yao, na msusi alikuwa anasema niko hapa, niko hapa, mama yako niko hapa, na mbele ya Brashi mumewe alikuwa anarekebisha lenzi na kuuambia ule uso kwa upole, kama alivyowaambia watu wote duniani isipokuwa mmoja, "Tulia, mwanangu, tulia hapohapo," na kope zikaanza kufunguka kwa chini, uzi mwembamba wa weupe, na Brashi alijua kwamba akiyaona macho yale, yakimtazama, hataweza tena kufanya jambo lolote jema maishani mwake, kwa hiyo akayafumba ya kwake, akanyoosha mkono, akakishika kipanya kilichokuwa cha moto kama kaa, akafumbua kidogo tu, akitazama chini, pale penye maneno.

*Niendelee kutafuta?*

"Hapana," alisema. "Acha. Mwanangu hayupo. Alikufa nikiwa nimembeba. Hayupo."

Akabonyeza. Kilio kikatoka kwenye spika, kile kilio kilichokuwa kinafikiriwa siku zote zile, na kilikuwa kilio cha kumtafuta mama. Huku kikiendelea aliitafuta picha ya blanketi, sikio moja dogo, ukungu. Aliitazama mara ya mwisho. Akaifuta.

Feni ikasimama.

Uso ulitoka vipande vipande, wala haukuwa wa kutisha. Vishimo viliondoka kwanza, kisha nyusi, kisha mdomo, kila kitu kikirudi kwa mwenyewe, mpaka skrini ikabaki nyeusi na wao wawili wakajiona humo, mwanamume amepiga magoti na mwanamke amesimama. Ng'ambo ya ukuta kilio kilikatika. "Mmewasha," Kishimo alisema, akivuta kamasi. Kisha msusi akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

Tulia alikuwa bado ameshika kamera.

"Umempiga?" Brashi aliuliza. Hakujua anataka jibu gani.

Akatikisa kichwa. "Nilikuwa nangoja afumbue macho," alisema.

Akakaa chini sakafuni, kwenye mwanga wa taa zake tatu, na Brashi akakaa naye. Walikaa hivyo mpaka taa zikapata moto na kuanza kunuka. Kisha Tulia akasema, "Umeona lakini? Pua yake. Amefanana na mama yangu."

Ile pua Brashi aliijua. Ilikuwa ya mtoto wa mwalimu, aliyepigwa picha Jumatatu.

"Sana," alisema. "Mama yako kabisa."

Jioni, mumewe alipolala, alifungua pochi. Fundi alisema nakala zote, naye alidanganya, na alikuwa amejiambia kwamba karatasi moja ndogo haimdhuru mtu. Akaikunjua. Ilikuwa nyeupe pande zote mbili. Karatasi yenyewe ilikuwa bado na joto kidogo, na aliishikilia shavuni mpaka ikapoa.

Studio ipo mpaka leo. Mashine inafanya kazi vizuri, nyepesi. Zima-Washa huja kuipangusa vumbi na hujisifu kwa kila mtu kwamba aliiponya yeye. Kishimo amekua, na vishimo vyake vinaendelea kuwapa vijana wa mtaa kazi ya kumchekesha. Tulia amerudi kupiga watoto wachanga. Hangoji shingo. Akiletewa mtoto wa jana anampiga leo, amelala, amefumba macho, amekunja uso, kivuli kikae kitakapokaa, na wazazi wakiomba waje tena mwezi ujao anawaambia kwa ukali hapana, sasa hivi.

Kitu kimoja tu ndicho Brashi hataki mtu amsaidie, nacho ni kuiwasha kompyuta asubuhi. Hufika kabla ya wote. Huinama, huweka mgongo wa kiganja kwenye boksi, nalo siku zote lina uvuguvugu. Huiwasha. Kabla ya kitu kingine chochote, kwenye kona ya skrini, hujifungua kidirisha kitupu cha programu ambayo haimo tena ndani ya mashine ile, na humuuliza kwa adabu swali lake.

Naye kila asubuhi hukaa kwanza, hulisoma lote, hujifuta macho, kisha hubonyeza Hapana.